Leseni ya Ng'ambo

Gari la marehemu Régis lilikuwa limekaa miezi saba bila kutoka getini siku Bahizi alipofika Rugerero na mfuko mmoja wa nguo. Ilikuwa Februari, mvua zilikuwa zimeanza mapema, na turubai lililolifunika gari lilikuwa limelowa mpaka likagandamana na paa. Dada yake mkubwa, Pulchérie, mjane wa Régis, ambaye Bahizi alimwita yaya tangu utoto, alimpokea mlangoni akiegemea fimbo. Alimpa chai, akamwonyesha chumba, na kabla hata mgeni hajavua viatu akamtia ufunguo wa gari mkononi.

"Mungu ameniletea dereva," alisema. "Tangu Régis aende, mi nafungiwa humu kama kuku."

Bahizi alikuwa na miaka hamsini na saba, na udereva ndio kazi pekee aliyopata kuijua. Kwa miaka ishirini na minne aliendesha gari la wagonjwa la hospitali moja ya Goma, katika zile barabara za mawe ya volkano zinazotafuna matairi kama mihogo mibichi. Wanawake wenye uchungu walimwita Papa Polepole. Alijua kila shimo kutoka Sake hadi mjini, na kabla ya kila shimo aliwaambia kwa sauti, bila kugeuka: shimo linakuja, shika. Watoto watatu walizaliwa nyuma ya mgongo wake, na mmoja wao akapewa jina lake.

Kisha vita vikaingia mjini mwishoni mwa Januari. Hospitali ikapoteza gari lake. Mkewe alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma, na watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Kampala na mwingine Bunia, kila mtu na mzigo wake. Pulchérie, aliyekuwa amehamia Rwanda tangu mwaka tisini na tano, akampigia simu akamwambia neno moja tu, njoo. Akavuka. Kutoka mlangoni kwake hadi mpakani Grande Barrière ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na saa hiyo moja ikamfanya mgeni.

Pulchérie alikuwa na kisukari na presha, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Kila Jumanne alitakiwa kliniki mjini Gisenyi. Kupanda pikipiki hakuweza tena, na kila wiki ilibidi atafute mtu mwenye gari, ampigie, amsubiri, ambembeleze. Kwa hiyo walikubaliana siku ile ile, mbele ya kikombe cha chai, kwamba Bahizi atabadilisha leseni yake ya Kongo ipate kuwa ya Rwanda, na baada ya hapo Jumanne hazitakuwa tatizo tena. Walidhani ni suala la wiki mbili.

Katika kusubiri hizo wiki mbili, Bahizi aliosha gari, akanunua betri, akamwaga mafuta ya zamani. Kila asubuhi aliwasha injini ndani ya ua, akalisogeza mbele mita mbili mpaka getini, akalirudisha nyuma mita mbili mpaka ukutani, akazima. Pulchérie alimtazama kupitia dirisha la jikoni na kuridhika.

Kwenye ofisi ya leseni alipokewa na dada mmoja kijana, mwenye adabu, aliyemkaribisha kiti. Bahizi aliweka leseni yake juu ya meza, kadi ya rangi ya waridi iliyochakaa pembeni. Yule dada aliigeuzageuza, akamuuliza maswali machache, akamweleza polepole kwa Kinyarwanda kwamba ili ibadilishwe ilihitajika barua kutoka kwa walioitoa, ya kusema kweli hii ni yao.

"Ilitolewa Goma?" aliuliza.

Bahizi akasema ndiyo, Goma. Yule dada akaangalia kadi tena kama vile huenda jibu lingine lingejitokeza upande wa pili. "Basi tuletee barua kutoka Goma," alisema, na ilionekana wazi kwamba yeye mwenyewe hakuona barua hiyo ingetokea wapi. Alipotoka nje Bahizi alisimama barabarani. Goma ilikuwa pale pale. Ukigeuka kushoto unayaona mapaa yake.

Hakutaka kurudi kule mwenyewe. Alimtafuta Habib, fundi aliyekuwa akimtengenezea gari la wagonjwa siku za nyuma. Habib alikuwa wa familia ya Waislamu wafanyabiashara wa Gisenyi, na alivuka mpaka karibu kila siku akiwa na vipuri vyake. Alikubali bila kusita. Mara ya kwanza aliikuta ofisi imefungwa kwa kufuli. Mara ya pili aliikuta imefunguliwa, lakini waliokuwamo walikuwa watu wapya wenye muhuri mpya, muhuri ambao hakuna ofisi ya ng'ambo ingeukubali. Na yale madaftari makubwa ya majina hayakuwepo tena, wengine wakisema yamechomwa, wengine yamepakiwa kwenye boti. Mara ya tatu Habib alimtafuta karani wa zamani nyumbani kwake. Majirani walisema alikimbilia Bukavu, kisha Bukavu nako akaondoka. Simu yake haikupatikana.

Mara ya nne Habib alirudi na habari nyingine. Walikaa kwenye benchi nje ya duka la kaka yake, na Habib akashusha sauti. Huko kuna mtu anayeandika barua za namna hiyo, alisema, zenye muhuri wa zamani na tarehe ya zamani.

"Iko sawa kabisa, ndugu yangu. Hata ule mwenye alikuwa anasaini hatajua kama haiko yake."

Bahizi aliaga akaondoka. Alitembea na neno lile siku mbili. Lililomchoma zaidi ni kwamba leseni yake ilikuwa ya kweli. Aliipata kwa jasho, alifanya mtihani wake mbele ya askari mnene aliyemkemea njia nzima, na sasa kitu pekee kilichobaki cha kuithibitisha kilikuwa uongo. Siku ya tatu alimwambia dada yake.

Pulchérie alikuwa amefanya kazi katika ofisi za serikali miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage kwenye ungo.

"Mi nimepiga muhuri miaka ishirini na mbili," alisema. "Karatasi ya uongo haiwezi kuingia mu hii nyumba. Tena wakikushika watakurudisha kule. Halafu mi nitabaki na nani?"

Bahizi alimrudia Habib akamwambia hapana. Habib akamwelewa, au alisema amemwelewa. Hivyo ikabaki njia moja, ya kuanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani: mtihani wa sheria za barabarani kwanza, apate leseni ya muda, kisha mtihani wa barabarani.

Darasa lilikuwa chumba juu ya duka la simu, karibu na soko la Gisenyi. Wanafunzi wengi walikuwa wametoka sekondari juzi tu, na siku ya kwanza walimwinukia Bahizi wakidhani ndiye mwalimu. Mwalimu alikuwa Gisubizo, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye sauti kubwa na subira nyingi. Bahizi alikaa nyuma. Alikuwa amejifunza kusoma kwa Kiswahili na Kifaransa katika shule ya misheni, na akaishia darasa la sita. Kinyarwanda alikinyonya kwa mama yake lakini hakuwahi kukisoma, na yale maneno marefu yalimfunga macho kama kamba iliyosokotana. Kifaransa cha kitabu kile nacho kilimshinda. Akachagua Kinyarwanda, kwa sababu walau akilisoma neno kwa mnong'ono mpaka mwisho sikio lake lilimwambia maana.

Tatizo halikuwa kusoma peke yake. Gisubizo alipouliza nani apite kwanza katika makutano fulani, Bahizi aliona makutano yenyewe, yale ya Birere kule Goma, na wanawake wenye mikungu ya ndizi, na lori lisilo na breki, akajibu kama mtu aliyekuwepo. Darasa lilicheka. Gisubizo hakucheka.

"Usifikirie barabara, muzee," alimwambia. "Fikiria kitabu."

Alijaribu. Jioni alikaa na kitabu mezani na Pulchérie akamsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto, akimsahihisha matamshi. Alikariri urefu wa kibao cha namba za gari, na upana wa mzigo, na umbali wa kuegesha kutoka kwenye kona, vitu ambavyo kwa miaka ishirini na minne hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Mei, kwenye kompyuta. Maswali ishirini, dakika ishirini, na kupita ni kumi na mawili. Bahizi hakuwa amewahi kushika kompyuta. Kile kipanya kilimkimbia mezani, na kila alipokibonyeza kilikuwa kimeshapita jibu alilolitaka. Alisoma kwa mnong'ono, na msimamizi akaja kumwomba anyamaze, anawasumbua wengine. Kusoma kimya hakuweza. Muda ulikwisha akiwa kwenye swali la kumi na tatu, na kioo kikamwandikia nane.

Kwa mtihani wa pili alijitayarisha vizuri zaidi. Habib alimpeleka kwa mpwa wake mwenye kibanda cha kuchapa karatasi, akafundishwa kutuliza mkono. Agosti aliingia akiwa mtulivu, akaenda vizuri mpaka swali la kumi na nane. Swali lilimuuliza dereva afanye nini akisikia king'ora cha gari la wagonjwa nyuma yake. Bahizi alikaa akilitazama. Katika maisha yake king'ora hakikuwahi kuwa nyuma yake, kilikuwa juu ya kichwa chake. Alikumbuka vitu ambavyo hakutaka kuvikumbuka, mama mmoja wa Mugunga, na mlio ule ule usionyamaza. Alipozinduka dakika zilikuwa zimebaki mbili, akabonyeza jibu asilolisoma, na la kumi na tisa hivyo hivyo, na la ishirini.

Akapata kumi na moja.

Aliporudi nyumbani Pulchérie hakumuuliza. Aliuona uso wake, akaenda kumtilia chai. Nafasi nyingine ya mtihani wilayani Rubavu ilikuwa mwisho wa Novemba, za karibu zote zilikuwa zimejaa. Bahizi aliwaza kwenda kuufanyia wilaya nyingine, lakini nako walimwambia hivyo hivyo. Ikawa ni kungoja tena, na Jumanne zikaendelea kuwa za kubembeleza watu. Jumanne mbili halikupatikana gari kabisa. Pulchérie alisema haidhuru, wiki ijayo.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Asubuhi hiyo kila mtu mwenye nguvu hutoka na jembe, maduka hufungwa, na magari na pikipiki hazitembei mpaka kazi iishe. Pulchérie alikuwa amesamehewa kwa sababu ya ugonjwa. Bahizi alikuwa uani akifunga kamba za viatu aende kuungana na majirani aliposikia kikombe kinaanguka jikoni.

Alimkuta dada yake amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akiutazama mkono wake wa kulia kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja. Alijaribu kusema, yakatoka mate.

Bahizi hakuhitaji daktari kumwambia. Alikuwa amebeba watu wa namna ile kwa mamia. Alitazama saa ukutani: mbili na dakika kumi na mbili. Alipiga simu ya dharura. Mwanamke aliyempokea alimsikiliza vizuri, akamuuliza maswali yanayotakiwa, akamwambia ukweli: gari la karibu lilikuwa limepanda milimani kumchukua mama mwenye uchungu, likishuka litakuja moja kwa moja, labda nusu saa, labda zaidi kidogo. Bahizi alisema asante. Hakuweza hata kukasirika, maana yeye mwenyewe alikuwa ndiye gari hilo siku nyingi, na watu wengine walimngoja.

Akatoka akasimama getini. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna pikipiki hata moja. Nyuma yake lilikuwepo gari, limeoshwa, lina mafuta, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Alimbeba dada yake, akamlaza kiti cha nyuma, akawasha injini, akafungua geti, akatoka.

Alienda kama mita mia mbili. Kwenye kona, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Walikuwa wanazibua mtaro, na mawe waliyoyatoa yalirundikwa katikati ya njia. Walipoliona gari la Régis likija walisimama na majembe yao, wakashangaa, kwa sababu wote walimjua Bahizi na wote walijua habari za mtihani wake. Hitimana, mkuu wa kijiji, alikuja mpaka dirishani akijifuta tope mikononi.

"Muzee Bahizi, unaenda wapi?"

"Yaya amepooza. Angalia mudomo yake."

Hitimana aliinama akatazama ndani. Uso wake ulibadilika. Aligeuka akawaamuru vijana waondoe mawe haraka, na wakaanza kuyaondoa. Lakini mkono wake mwingine ulibaki juu ya mlango wa gari.

"Permis umeshapata?" aliuliza juu ya leseni kwa sauti ndogo.

Bahizi alitazama mawe yakiondolewa.

"Pale chini ku lami kuna polisi," Hitimana alisema. "Watakusimamisha. Watakutoa mu gari, na mama atabaki mu siti. Nani atamufikisha? Na ukigonga mutu, muzee, mi ndiye nilikuona ukipita."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba asaidiwe. Kila alilosema Hitimana lilikuwa na akili, na Bahizi aliliona. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na aliitazama. Kukanyaga mafuta aliweza. Mawe yalikuwa yameshapungua, gari lingepita. Lakini alimwona dada yake amelala peke yake kando ya lami huku yeye anahojiwa, na mguu wake ukakataa.

Hitimana aliwageukia watu akauliza nani ana leseni. Walikuwa zaidi ya arobaini. Walitazamana. Kisha mwanamke mmoja aliinua mkono uliojaa tope, taratibu, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Alikuwa Mukeshimana, fundi cherehani aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliipata leseni mwaka uliopita, alisema, alipita mara ya kwanza. Tangu siku ya mtihani hakuwa ameendesha tena, maana hakuwa na gari.

Alikuja akasimama mbele ya Bahizi na viatu vyake vya mvua.

"Mi naogopa, muzee," alisema.

"Hata mi naogopa," alisema Bahizi, akashuka.

Alikaa nyuma na kichwa cha dada yake mapajani. Mukeshimana alivuta kiti, akatafuta vioo, akawasha, akaachia klachi ghafla, gari likaruka na kuzima. Akawasha tena, likazima tena. Watu walisogea pembeni. Bahizi alihisi maneno yakimjaa kooni, yote kwa pamoja, akachagua machache.

"Mama, acha embrayage polepole. Sikia injini. Ikianza kutetemeka, ngoja hapo hapo. Sasa mafuta kidogo."

Likaondoka.

Waliteremka kwa gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mukeshimana alishika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika kingo za ngazi. Bahizi alimwambia lini akanyage, lini abadilishe, wapi barabara inavunjika. Na kila shimo lilipokaribia aliinamia sikio la dada yake, akamwambia, shimo linakuja, yaya, shika. Mkono wake wa kushoto ulimshika. Wa kulia ulilala tu.

Kwenye kilima kabla ya lami walikuta kundi lingine la umuganda limeziba njia na toroli. Ikabidi wasimame kwenye mwinuko. Toroli lilipoondolewa, Mukeshimana aliachia breki, na gari likaanza kurudi nyuma. Alipiga ukelele mdogo. Mkono wa Bahizi ulipita katikati ya viti wenyewe, bila yeye kuutuma, ukaukuta mkono wa Mukeshimana juu ya breki ya mkono, wakaivuta pamoja. Gari likasimama. Wote watatu walikuwa wanapumua.

"Mi nitashika hii," alisema Bahizi. "We ufanye miguu. Nikikuambia, tunaachia."

Walipanda hivyo, Bahizi akiwa na breki na Mukeshimana na miguu, mpaka juu.

Kwenye lami polisi walikuwepo kweli, wawili, kando ya barabara tupu. Mmoja aliinua mkono. Mukeshimana akasimama katikati ya njia, injini ikazima. Askari alikuja, akainama, akamwona Pulchérie. Hakuuliza karatasi ya mtu yeyote. Alirudi nyuma hatua mbili akawapungia wapite, haraka, haraka, na mwenzake akaanza kupiga simu hospitali kuwaambia wanakuja.

Bahizi aliyaona hayo yote kupitia kioo cha pembeni. Walipofika hospitali saa yake ilionyesha tatu kasoro dakika nane.

Daktari aliuliza ugonjwa ulianza saa ngapi, na Bahizi akamjibu kwa dakika, kama alivyozoea. Baadaye, walipokwisha kumpima Pulchérie na kumlaza, alimfuata daktari kwenye ukumbi.

"Tungefika mapema robo saa," alisema, "ingekuwa vingine?"

Daktari alifunga faili lake. Alisema hakuna anayeweza kujua jambo hilo, na kwamba cha muhimu wamefika. Bahizi alikuwa amewasikia madaktari wakiwaambia watu maneno hayo miaka ishirini na minne, akiwa amesimama kando na machela. Alijua ni maneno ya kuwapa usingizi wasiolala.

Pulchérie alikaa hospitali majuma matatu. Alirudi nyumbani na upande wa kulia umekufa na maneno yake yamechanganyika. Wakati mwingine yalitoka sawa, wakati mwingine aliita sahani jina la mtu. Alimwita Bahizi kwa jina la Régis, na mara ya kwanza Bahizi alimsahihisha, mara ya pili akaacha. Hitimana alikuja kuwatembelea na mkungu wa ndizi, akakaa pembeni ya kiti kwa muda mrefu. Alianza kusema kuhusu siku ile, akakwama. Bahizi akamwambia alifanya kazi yake. Alimaanisha. Lakini Hitimana alipoondoka alibaki amekaa, akitafuta mtu mmoja wa kumkasirikia, na kila aliyemfikiria alikuwa amemtendea vizuri.

Mwisho wa Novemba alikwenda kwenye mtihani wa tatu, kwa sababu tarehe ilikuwa imefika na Habib alikuja kumchukua mwenyewe. Hakuwa ameshika kitabu kwa mwezi mzima. Alijibu maswali moja baada ya jingine bila kufikiria barabara yoyote, na alipomaliza kioo kikaandika kumi na nne. Gisubizo aliyekuwa akiwangoja wanafunzi wake nje alimpigia makofi, na wale watoto wa sekondari nao wakapiga. Bahizi alishukuru, akaenda zake.

Leseni ya muda ilimruhusu kujifunza tu, akiwa na mwalimu pembeni. Alhamisi na Jumamosi alikwenda shule ya udereva, akazunguka barabara ya ziwa na gari lenye maandishi mlangoni, na mwalimu akimkumbusha kuweka mikono miwili kwenye usukani, asiegemeze kiwiko dirishani, aangalie kioo hata kama nyuma hakuna kitu. Alifanya kila alichoambiwa. Mtihani wa barabarani aliandikishwa wa Februari, kisha ukaja ujumbe kwenye simu kwamba umesogezwa mpaka Aprili.

Jumanne, Mukeshimana hufunga cherehani yake na kuja. Haogopi tena. Anakata kona ya mtaro bila kupunguza, na kilima anakipanda kwa gia yake mwenyewe, na Bahizi hukaa nyuma na dada yake kwa sababu anahitaji mtu wa kumshika. Siku moja ya Januari Mukeshimana alimwambia njiani kwamba hoteli moja ya ufukweni inatafuta dereva, na yeye ameombwa aende kujaribu. Alimuuliza Bahizi kama aende.

"Enda," alisema Bahizi. "Uko dereva muzuri."

Jumanne hiyo waliporudi alimweka dada yake kwenye kiti chake jikoni, akamfunika miguu, akaanza kumenya viazi. Pulchérie alimtazama kwa muda, akikusanya neno.

"Régis," alisema. "Permis?"

"Bado, yaya," alisema Bahizi.

Pulchérie aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Bahizi alichukua kiazi kingine.